Somo: Kumkinga mzee asianguke nyumbani

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na waliovuka miaka 60 ndio wanaofariki zaidi. Kwa maoni yangu, kinga ianzie kwenye safari ya usiku kwenda chooni.

Hatua ya 1. Itembee mwenyewe njia hiyo usiku, kutoka kitandani mwa mzee hadi chooni, ukiona kile anachokiona yeye. Ondoa mikeka iliyojikunja, nyaya, ndoo na vigoda. Kizingiti kipakwe rangi nyeupe, na tochi iwekwe mahali anapoifikia akiwa bado amelala. Choo kikiwa uani, chombo cha haja ndogo chenye mfuniko chumbani si aibu hata kidogo.

Hatua ya 2. Penye choo cha kuchuchumaa, fundi afunge bomba la chuma ukutani la kushikilia wakati wa kuinuka. Utelezi wa sabuni usuguliwe, na kandambili zilizolika zitupwe.

Hatua ya 3. Presha ya mzee inaweza kushuka anaposimama ghafla, hasa akitumia dawa za presha au za usingizi. Aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili, achezeshe nyayo, ndipo asimame. Daktari azikague dawa zake zote. Mzee asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Hatua ya 4. Ainuke na kuketi kwenye kiti imara mara kadhaa kila siku, kadiri anavyoweza. Wapo wanaomkataza mzee kutembea wakidhani wanamlinda, kumbe misuli isiyotumika hudhoofika na hatari huzidi.

Maswali ya wanachama

Swali: Bibi anaumwa goti la kushoto. Mkongojo aushike kwa mkono upi?

Jibu: Wa kulia, na mkongojo utangulie pamoja na mguu wa kushoto. Akisimama wima huku mikono imening'inia, kishikio kilingane na kifundo cha mkono.

Swali: Baba akianguka, tumwinue mara moja?

Jibu: Hapana. Mwulizeni kwanza anaumia wapi. Akilalamikia nyonga, au mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, msimsimamishe wala msimkande, bali apelekwe hospitali akiwa amelala. Aliyegonga kichwa huku akitumia dawa za kuzuia damu kuganda apelekwe pia, hata akisema yu mzima.