Jinsi ya Kupanga Malipo ya Saa kwa Mtunza Hesabu Aliyeanza Kujitegemea

Mtunza hesabu anayeacha ajira na kuanza kujitegemea hushawishika kuuchukua mshahara wake wa zamani, kuugawanya kwa saa alizokuwa akifanya kazi, na kumtajia mteja jibu analolipata. Kasoro ya hesabu hiyo imo katika kigawanyo, kwa kuwa mwajiri alikuwa akilipia hata zile saa ambazo hakuna mteja atakayekubali kuzilipia.

Anza basi na saa zenyewe. Mwaka una wiki 52. Ukiondoa wiki nne za likizo na mbili za sikukuu na maradhi, zinabaki 46, ambazo kwa saa 40 kila wiki ni saa 1,840. Ndani ya saa hizo kuna muda wa kutafuta wateja, kuandaa makadirio ya bei, kufuatilia ankara zisizolipwa, kusoma mabadiliko ya sheria za kodi, na kutunza vitabu vyako mwenyewe vya hesabu, kazi ambayo watu wa fani hii, ajabu, ni hodari wa kuiahirisha. Kwa mwaka wa kwanza ni busara kukadiria kwamba nusu tu ya muda huo, yaani saa 920, ndiyo itakayolipiwa.

Kisha orodhesha mahitaji ya mwaka. Tuseme, kwa sarafu yoyote ile, matumizi yako binafsi ni 36,000. Gharama za uendeshaji, zikiwemo programu ya uhasibu, kompyuta, intaneti na bima ya kukukinga mteja akidai fidia kwa kosa la kitaaluma, ni 7,200. Na kodi pamoja na akiba ya uzeeni ni 12,000. Jumla ni 55,200, ambayo ukiigawanya kwa 920 unapata 60 kwa saa. Aliyegawanya 36,000 kwa saa 2,080 za mwaka mzima wa ajira angetoza takriban 17, na kwa saa zile zile 920 angeambulia chini ya 16,000, kabla hajalipa kodi wala gharama yoyote.

Hiyo 60 ni kima cha chini, si bei ya mwisho. Ilinganishe na wanachotoza wengine wenye uzoefu kama wako. Wakiwa juu yako, una nafasi ya kupanda. Wakiwa chini, usikimbilie kushusha bei, bali angalia kwanza kama unaweza kupunguza gharama au kuongeza saa zinazolipiwa, kwa kuwa saa hizo zikifikia asilimia 60 ya muda wako, yaani 1,104, kima hicho hushuka hadi 50.

Aina ya kazi nayo ina uzito wake. Kusafisha vitabu vilivyolimbikizwa, ambamo risiti zimepotea, fedha za biashara zimechanganywa na za nyumbani katika akaunti moja, na salio la kuanzia halilingani na taarifa ya benki, hakutabiriki; kazi hiyo itoze kwa saa, ukikubaliana na mteja juu ya kikomo ambacho hutakivuka bila idhini yake. Kazi ya kila mwezi inayojirudia ni tofauti. Irekodi kwa vipande vya dakika sita, ambavyo ni sehemu ya kumi ya saa, ukijumuisha simu na barua pepe, na baada ya miezi mitatu hivi uibadilishe kuwa ada ya mwezi isiyobadilika. Kwa maoni yangu mabadiliko hayo hayafai kucheleweshwa, maana malipo ya saa humwadhibu anayezidi kuwa mwepesi: kadiri unavyomaliza mapema ndivyo unavyolipwa kidogo.

Bei iwekwe kwa maandishi, pamoja na kueleza kama kodi ya ongezeko la thamani imo, nani analipia programu, ankara inalipwa ndani ya siku ngapi, na bei itapitiwa upya lini. Mteja akiomba punguzo, punguza kazi badala ya bei. Anaweza, kwa mfano, kuandaa ankara zake mwenyewe na kukuachia ulinganishaji wa vitabu na taarifa ya benki pamoja na ripoti za mwisho wa mwezi.