Jinsi ya kujua idara za halmashauri yako zimefanya nini robo hii (kwa wa Nyamagana na Ilemela)

Kila siku mtaani watu wanauliza halmashauri inafanya nini na hela zetu, na majibu yapo kabisa, ila yamekaa sehemu tofauti tofauti na yanatoka kwa tarehe zake. Ukishazijua hizo sehemu na hizo tarehe huhitaji kumjua mtu yeyote mkubwa. Naandika kwa wa Mwanza maana ndo kwetu, ila hata ukiwa Musoma, Bukoba au Geita mfumo ni huohuo, unabadilisha majina tu.

Anza na kujua halmashauri yako ni ipi, maana hapa tunasema "Jiji la Mwanza" kwa mji wote wakati halmashauri ziko mbili. Jiji lenyewe ni Nyamagana, na Ilemela ni manispaa inayojitegemea tangu 2012, ina mkurugenzi wake, meya wake, bajeti yake. Kwa hiyo wa Mabatini, Igogo, Isamilo, Mkolani, Igoma, Buhongwa ofisi yenu ni ya Jiji pale mjini, wa Kirumba, Kitangiri, Pasiansi, Nyamanoro, Buzuruga na kwingine huko ofisi yenu iko Buswelu. Nimeona mtu wa Kirumba anazungushwa asubuhi nzima mjini kwa ishu ambayo faili lake liko Buswelu, nauli imeisha na jibu hana.

Pili ujue nini sio kazi ya halmashauri. Hapa ndo watu wanapoteza muda sana. Maji ni MWAUWASA, umeme TANESCO. Barabara za mitaani na za kata tangu 2017 ziko TARURA, sio kwa injinia wa halmashauri kama zamani, na zile kubwa, Nyerere Road ya kwenda Igoma hadi Musoma, Kenyatta Road ya kupita Mkuyuni, Nyegezi hadi Buhongwa, Makongoro Road ya kwenda Airport, hizo ni TANROADS, ndo maana hata madaraja ya Mabatini na Mkuyuni walisimamia wao. Sasa chukua mtaro ulioziba. Kama ukuta wa mtaro umebomoka pembeni ya Nyerere Road unaenda TANROADS, kama umebomoka barabara ya ndani ni TARURA, ila kama umeziba kwa sababu umejaa mifuko na maganda hiyo inaangukia halmashauri, kitengo cha usimamizi wa taka na usafi wa mazingira. Mtaro mmoja, ofisi tatu. Kabla hujaandika barua angalia kwanza tatizo lenyewe ni la aina gani, na kama hujui muulize mtendaji wa mtaa, hiyo ni kazi yake kujua.

Zinazobaki kwa halmashauri ni nyingi tu na ndo zinazogusa maisha ya kila siku: elimu msingi na elimu sekondari, afya na ustawi wa jamii na lishe, maendeleo ya jamii, kilimo mifugo na uvuvi, viwanda na biashara, mipango, na ile ya miundombinu na maendeleo ya miji ambayo watu wa viwanja na vibali vya ujenzi wanaijua vizuri. Halafu kuna vitengo, taka, manunuzi, sheria, ukaguzi wa ndani, mawasiliano. Huna haja ya kuvikariri, ila kariri kile kinachokugusa we. Mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba afuatilie biashara na uvuvi, mzazi afuatilie elimu, mwenye bodaboda anayelalamikia vumbi aende TARURA, nimeshasema.

Sasa mtaani. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, ingia kwa heshima, "shikamoo mwenyekiti", ukishaitikiwa na kukaribishwa uliza swali moja tu: mkutano wa mtaa unaofuata ni lini na taarifa ya mapato na matumizi ya robo iliyopita imebandikwa wapi? Usianze na malalamiko, anza na hilo swali. Mwenyekiti mzuri anakuonesha ubaoni hapohapo, na akikwambia bado haijabandikwa muombe tarehe, iandike mbele yake, rudi siku hiyo. Nasisitiza hii ya kuandika mbele yake kwa sababu mtu akiona umeandika na yeye anakumbuka. Mkutano ukiitwa nendeni wengi, maana akidi isipotimia mkutano unaahirishwa na taarifa inarudi kabatini, na lawama inakuwa ya viongozi wakati sisi ndo hatukutokea.

Ngazi ya juu ni kata, pale kuna mtendaji wa kata na maafisa wa idara waliopangwa huko, afisa maendeleo ya jamii, afisa elimu kata, mtu wa afya, na sehemu zenye ziwa au mashamba afisa uvuvi au afisa ugani. Hawa ndo wanaojua kazi za idara kwa undani kuliko hata watu wa makao makuu, kwa sababu wao ndo wanaoandika taarifa inayopanda juu. Ukiwa mwaloni pia usiisahau ofisi ya BMU, yaani kikundi cha wavuvi wenyewe cha kusimamia mwalo, doria za nyavu haramu kama kokoro na timba, ushuru na usafi wa mwalo vyote vinapita mikononi mwao, na wana ubao wao.

Baraza la madiwani. Hii watu wengi hawajui kwamba ni ya wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia kukaa na kusikiliza. Huruhusiwi kuongea, unazima simu, unakaa sehemu ya wageni, basi. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni na umegawanywa robo nne, Julai hadi Septemba, Oktoba hadi Desemba, Januari hadi Machi, Aprili hadi Juni, na baraza la kawaida linakaa kila robo kujadili robo iliyopita. Kwa hiyo ukitaka kusikia ya Julai hadi Septemba tegea kuanzia Oktoba na Novemba, ya Oktoba hadi Desemba tegea Januari na Februari, hivyohivyo. Mara nyingi linaenda siku mbili, siku ya kwanza madiwani wanasoma taarifa za kata, ya pili zinakuja taarifa za kamati za kudumu, na kama una siku moja tu ya kupoteza mi ningekushauri uende ile ya kata maana pale ndo unasikia zahanati ya kwenu ikitajwa kwa jina na diwani wako unamuona kama anajua anachosoma. Tarehe unaipata kwa diwani, kwa mtendaji wa kata, au kwenye tovuti ya halmashauri.

Haya, tuje kwenye ripoti yenyewe, hapa naomba tutulie kidogo kwa sababu ndo penye uhondo. Taarifa ya robo ya idara mara nyingi ni jedwali: jina la mradi, chanzo cha fedha, bajeti, fedha iliyopokelewa, fedha iliyotumika, hatua iliyofikiwa. Watu wanakimbilia safu ya bajeti, wanaona milioni 50 wanaanza kelele hela zimeliwa. Tulia. Bajeti ni mpango tu, hela inaweza isije kabisa. Angalia iliyopokelewa. Tuseme madarasa mawili, bajeti milioni 50, imepokelewa milioni 30, imetumika milioni 29, hatua "boma limekamilika". Sasa hapo una swali la maana, kwa sababu ujenzi una ngazi zake ambazo fundi yeyote wa mtaani anazijua: msingi, jamvi, boma, linta, kupaua, kuezeka, lipu, sakafu, madirisha na milango, rangi. Nenda shuleni kaangalie kwa macho, mchukue fundi mmoja unayemwamini muulize boma la namna hii linakula shilingi ngapi kwa bei za saruji na nondo za hapa kwetu. Majibu yake yakikaribiana na milioni 29 basi mambo yako sawa na kinachotakiwa ni kudai ile milioni 20 iliyobaki ije. Yakipishana sana, umepata swali la kumpa diwani likiwa na namba ndani yake.

Halafu chukua ripoti ya robo inayofuata utafute mstari uleule. Hii ndo siri kubwa kuliko zote. Kuna neno "hatua za umaliziaji", ukilikuta robo moja ni jambo jema, ukilikuta robo tatu mfululizo na safu ya fedha iliyotumika haijasogea hata shilingi, ujue mradi umesimama, na hapo ndo pa kuuliza. Ripoti moja peke yake haikwambii kitu, ripoti mbili zikiwekwa moja pembeni ya nyingine zinaongea zenyewe.

Na chanzo cha fedha kinakwambia umuulize nani. "Mapato ya ndani" ni hela ya halmashauri yenyewe, ushuru wa masoko, leseni, mialo, stendi, hapo diwani na mkurugenzi wanajibu. "Mfuko wa jimbo" muulize mbunge. "Serikali kuu" au miradi ya elimu, BOOST kwa shule za msingi na SEQUIP kwa sekondari, hela imetoka juu. TACTIC ukiiona, huo ni mradi wa kuboresha miji, hela ya Benki ya Dunia kupitia TARURA. "Nguvu za wananchi" ni sisi, mawe, mchanga na michango yetu, na hiyo lazima isomwe kwenye mkutano wa mtaa maana ilitoka mifukoni mwetu.

Eneo la ujenzi kuna bango, lisome na lipige picha. Linatakiwa kuonesha mradi, mwenye mradi, mkandarasi, gharama, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kama ni fosi akaunti hutakuta kampuni, kuna mafundi wa hapahapa na kamati za wananchi za ujenzi, manunuzi na mapokezi, na wajumbe wake ni majirani zako, wazazi wa watoto wanaosoma na wa kwako shule moja. Mjumbe wa kamati ya mapokezi ndo anayejua lori la mchanga limeingia lini na lilikuwa limejaa au nusu. Kaa naye vizuri, muongee kama majirani, usimtishe, wengi wanajitolea na wanabeba lawama zisizo zao. Zabuni nazo tangu 2023 zinapitia mfumo wa NeST mtandaoni, unaweza kuingia ukaona halmashauri yako imetangaza nini, na vikundi vya vijana, wanawake na wenye ulemavu vichungulie huko mara kwa mara maana kuna kazi zimetengwa kwa ajili yao.

Ukinyimwa taarifa ambayo sio ya siri, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Andika barua fupi kwa mkurugenzi, taja taarifa unayoitaka kwa jina na robo yake, usiandike "naomba taarifa za miradi" hiyo ni pana mno watakuchelewesha, andika "naomba taarifa ya utekelezaji ya ujenzi wa madarasa shule fulani, robo ya Januari hadi Machi". Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Kisheria wana siku 30 za kukujibu. Bila ule muhuri hizo siku 30 huna pa kuanzia kuzihesabu.

Kila mwaka kufika mwisho wa Machi CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakabidhi ripoti zake kwa Rais, Aprili zinaingia bungeni na zinawekwa wazi, ya serikali za mitaa ni kitabu chake peke yake. Pakua, tafuta jina la halmashauri yako humo, baada ya hapo huwa kunaitishwa baraza maalum la kujadili hoja za CAG, lifuatilie kama ulivyofuatilia yale mengine. Na kama umekutana na mtu anadai chochote ili akupe huduma ya bure, TAKUKURU namba yao ni 113, haikatwi hela. Malipo yoyote halali ya halmashauri yanaenda kwa kontroo namba au unapewa risiti ya mashine, iwe leseni ya biashara kwenye mfumo wa TAUSI au ushuru wa ndoo ya dagaa mwaloni. Mkononi usitoe.

Ishu ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inaulizwa sana kwa hiyo niimalizie haraka. Ni asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kwenye taarifa ya idara hiyo kuna safu ya vikundi vilivyopewa na safu ya marejesho. Soma zote mbili, maana marejesho yakilala na kikundi chenu kitasubiri.

La mwisho ni kalenda ya bajeti. Mipango inaanzia mtaani, inapanda kata, inaingia halmashauri na mabaraza ya bajeti yanakaa mwanzoni mwa mwaka, Januari na Februari, kabla haijaenda TAMISEMI na bungeni. Ukienda Machi kuomba kivuko cha miguu pale wanafunzi wanapopita mto Mirongo ukifurika, umechelewa mwaka mzima. Mkutano wa mtaa wa kuanzia Septemba hadi Novemba ndo wa kusema, na useme kitu kimoja, mhakikishe kimeandikwa kwenye muhtasari, halafu Desemba mpite ofisi ya kata kumuuliza mtendaji kama kimo kwenye vipaumbele vya kata vilivyopelekwa juu.