Sabuni yako ikivuka Namanga, anza na mizani

Karakana yangu iko Arusha, uani kwangu, na nina mwaka wa nne nachemsha sabuni za miche za kufulia; nyingine nauza Kenya, kupitia mpaka wa Namanga. Wanaonipigia simu kutaka ushauri huanza na swali lile lile: "Mama, hivi ushuru pale Namanga ni shilingi ngapi?" Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiwa na cheti chake cha uasili (karatasi inayothibitisha ilikotengenezwa), haitozwi ushuru wa forodha hata senti. Kinachokwamisha watu ni mengine, na mengi yake huanzia karakanani.

Pima mche wako. Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa katoni 40, kila katoni miche 20. Lebo ilisema gramu 800, na siku ya kukata tulipima mmoja mmoja: 800 kweli. Lakini sabuni ina maji. Ilikaa stoo wiki tatu ikisubiri gari, ikakauka. Kule Namanga, mkaguzi akachomoa mche kwenye katoni ya katikati, akauweka juu ya mizani: 722. Akachomoa mwingine: 718. Wala hakugomba, alinigeuzia tu uso wa mizani nisome mwenyewe. Canter ikarudi Arusha na mzigo wake, nauli nikalipa mara mbili.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka miche 10 kando, iandike namba kwa msumari, ipime siku ya kukata, kisha kila baada ya siku tatu mpaka uzito uache kushuka. Yangu hupungua karibu asilimia 10, ndiyo maana sasa nakata gramu 900 ili ikishatulia isiwe chini ya 800. Yako itatofautiana kulingana na maji uliyotia na hali ya hewa. Sabuni iliyo Tanga haikauki kama iliyo Arusha. Ila usiikaushe ikapitiliza. Maduka mengi ya Kajiado huuza sabuni kwa kipande: mwenye duka anakata mche kwa kisu mbele ya mteja, ukimeguka hasara ni yake, na wewe hakuagizi tena. Nikishapima uzito, naukata mmoja kwa kisu cha jikoni. Ukimeguka, sabuni yote ya fremu hiyo, yaani ya kalibu moja, nauza hapa hapa mtaani.

Alama ya ubora usiiruke. Anzia ofisi ya mkoa wako ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, upate barua ya utambulisho, ndipo uende TBS, shirika la viwango la Tanzania. Sabuni ya kufulia hupimwa kwa kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 31, na jambo kubwa wanaloangalia ni kiasi cha mafuta halisi yaliyomo, kwa hiyo ukijaza silikati ili mche uwe mzito, maabara itakuumbua. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 inataka alama ya nchi moja itambuliwe na nyingine bila kupimwa upya. Nimesema inataka. Beba nakala ya leseni ya alama na ripoti ya maabara, kila safari, hata kama jana ulipita na ofisa yule yule.

Suala la uasili ndilo linalowachanganya wengi. "Mawese yangu yametoka Malaysia, sabuni itakuwaje ya Tanzania?" Inakuwa. Kanuni za uasili huangalia kama kitu kimegeuka kweli kiwandani. Katika vitabu vya forodha mawese yako kifungu cha 1511, kostiki soda 2815, na sabuni 3401. Umeingiza kimoja, umetoa kingine. Lakini kama unanunua chembe za sabuni zilizokwisha kutengenezwa nje, unazisaga, unazipiga chapa yako na kuzifunga, angalia: zile chembe nazo ziko 3401. Hapo hujageuza kifungu, na kubadilisha karatasi ya kufungia peke yake hakukupi uasili. Waulize watu wa forodha kabla hujanunua hata kilo moja. Na risiti zote za malighafi tunza, hata za bodaboda aliyeleta kostiki.

Mzigo usiozidi dola 2,000 una nafuu ya cheti kilichorahisishwa. Ni karatasi fupi na hutolewa pale pale mpakani, mradi bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Isome orodha hiyo kabla hujapakia. Bila cheti utatozwa kama mtu aliyetoa mzigo ng'ambo: bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25, na baadhi zimepanda hadi 35 tangu Julai 2022. Na mwambie mnunuzi wako mapema kuwa ushuru sifuri haufuti VAT ya Kenya, asilimia 16. Wa kwangu alidhani nimemficha. Njia za panya sizizungumzii. Mzigo ukikamatwa umekwenda.

Bei sasa. Umoja wa forodha ulipoanza mwaka 2005, bidhaa kadhaa za Kenya ziliendelea kulipa ushuru kuingia kwetu na Uganda, ukipungua kila mwaka hadi sifuri mwaka 2010, ili viwanda vya huku vijipange. Ile miaka mitano ilikwisha zamani. Leo kiwanda cha Kenya kinachonunua mawese kwa matangi kinauza dukani jirani na kwangu, nami nanunua kwa mapipa. Sitakishinda kwa bei, na nakushauri usijaribu. Usikimbilie maduka makubwa ya Nairobi, yanayolipa baada ya miezi. Tafuta maduka madogo yanayolipa taslimu na yanayotaka katoni 5 wiki hii, 5 wiki ijayo. Katika gharama zako weka na fremu zinazoharibika umeme ukikatika mashine ikiwa inakoroga. Mimi nahesabu moja kwa mwezi.

Ukizuiwa bila sababu, usirushe maneno. Andika tarehe, saa, dirisha gani, karatasi gani uliyodaiwa, na uombe madai hayo kwa maandishi. Kikwazo cha namna hiyo unaweza kukiripoti tradebarriers.org, wanakopokea malalamiko ya biashara ndani ya jumuiya za EAC (yaani Afrika Mashariki), COMESA na SADC, ukiambatisha maandishi hayo.

Malipo napokea kwa shilingi za Kenya, na siku hiyo hiyo nanunua mawese. Bei ya mafuta hufuata dola, na shilingi zikilala kwangu wiki mbili, pipa lijalo linakuja na pengo.