Nyanya zikinyauka mchana, usikimbilie kufungua maji

Saa saba mchana nilikuwa katika shamba la nyanya kule Kahe, tambarare ya chini ya Moshi. Mstari wa tatu kutoka mferejini, mashina manne yalikuwa yamelegea vilele ilhali majani ni ya kijani kabisa. "Nimezifungulia maji jana, nikarudia leo asubuhi," mama mwenye shamba akaniambia, "lakini bado zinalala tu, mwalimu."

Nilikata shina moja karibu na udongo, nikalining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, tukakaa kivulini. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye mkato. Nyuzi zile ni bakteria wenyewe pamoja na utelezi wao. Jina lao la kitaalamu ni Ralstonia solanacearum, na ugonjwa ni mnyauko bakteria. Utelezi huo huziba mirija ya shina, ndiyo maana mmea unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye tope.

Jambo ambalo ningependa kila mkulima alijue ni kwamba bakteria huyu anaogelea. Ana mkia mwembamba uitwao flajela, unaozungushwa na mota ndogo mno iliyo kwenye utando wa seli yake, mfano wa pangaboi la boti. Mizizi ya nyanya huvujisha sukari na asidi udongoni, naye huzifuata kule zinakozidi mpaka afike mzizini. Watafiti walimwondolea uwezo wa kutengeneza mkia, wakammwaga kwenye udongo. Nguvu yake ya kuangusha nyanya ikapungua sana. Walipomwingiza moja kwa moja ndani ya shina, aliua kama kawaida. Kwa hiyo tumzuie akiwa bado njiani. Akishaingia ndani hakuna dawa ya kupuliza itakayomtoa, na inaniuma kuona watu wakimaliza hela dukani kwa ajili hiyo.

Njia yake ni maji. Ukimwagilia shamba lililoanza kunyauka unamtengenezea barabara. Sisi tunaogawana mifereji tunagawana pia maradhi ya jirani wa juu, kwa hiyo ongeeni mapema. Pandisha matuta ili maji yasituame shingoni mwa mche, na mwenye uwezo atumie umwagiliaji wa matone. Mmea uliougua ung'olewe pamoja na mizizi na udongo unaoizunguka, ubebwe kwenye ndoo au mfuko, uchomwe nje ya shamba. Usiutupe mferejini hata kidogo. Palilia kwa mkono karibu na shina, kwa sababu kila mzizi unaokatwa na jembe ni mlango, na minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyotoboa mizizi, hufungua milango hiyo hiyo. Mnavu unaojiotea pembezoni nao humhifadhi. Baada ya nyanya panda mahindi au vitunguu kwa misimu kadhaa, siyo viazi mviringo, bilinganya, pilipili wala nyanya chungu.

Jua nalo linasaidia. Januari na Februari, kabla ya masika, lowesha udongo wa kitalu, ufunike kwa nailoni angavu, uzibe kingo zote, uache wiki nne hadi sita. Joto linalojifungia humo hupunguza sana vimelea.

Kwa wenzetu wa juu kwenye ubaridi, anayesumbua majani kwa vidoa vyeusi ni bakteria mwingine, Pseudomonas syringae. Huyu ana protini zinazohisi mwanga, na maabara imeonyesha kwamba mwanga wa buluu hupunguza mwendo wake. Mwagilia asubuhi, tena chini kwenye shina, ili giza lisiyakute majani yakiwa na maji.

Shamba ambalo mnyauko umeshazoea, mimi nashauri miche iliyobebeshwa, yaani nyanya juu ya mzizi wa bilinganya sugu kama EG203, ambayo World Vegetable Center, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mboga yenye kituo Arusha, imeipendekeza kwa kazi hii. Unapoipanda, kiungo kibaki juu ya udongo, na usikifunike wakati wa kupandisha matuta. Kikifukiwa, ile nyanya ya juu itatoa mizizi yake yenyewe, na bakteria ataingilia hapo.