Namna ya kumpata daktari wa masikio, pua na koo bila kuzungushwa

Ninauza dawa Mbagala, na haipiti wiki bila mtu kuegemea dirishani akisema, "Dokta, nipe dawa ya matone ya sikio." Mimi si daktari, ila huku kwetu kila anayesimama nyuma ya kabati la dawa ni dokta. Karibuni alikuja mama mwenye mtoto ambaye sikio lilikuwa likitoa usaha tangu kabla ya Ramadhani. Chupa za matone zilishaisha kadhaa na hakuna aliyewahi kulichungulia sikio lenyewe. Nilimwelekeza mpaka akamfikia bingwa. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine ambayo hakuyahitaji yeye lakini wewe huenda ukayahitaji.

Hatua ya 1: Jua kama una muda wa kutafuta

Kuna mambo hayasubiri kliniki wala barua ya rufaa. Hayo unakimbilia idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu, hata iwe usiku wa manane:

- Mtoto amemeza betri ya duara, ile ndogo ya saa au rimoti, au ameisokomeza puani au sikioni. Betri ile inaunguza nyama. Ikikwama kwenye umio, madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2.
- Sikio limezima ghafla: jana ulisikia, leo kimya. Watu hudhani ni nta, wanaanza kutia mafuta ya nazi. Tiba yake ni dawa za steroidi, na kila siku inayopita inapunguza nafasi ya usikivu kurudi.
- Mgonjwa anapumua kwa shida na kwa sauti, au mate yanamchuruzika kwa sababu hawezi kumeza.
- Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, sikio limesukumwa mbele, na homa juu.
- Damu ya pua inaendelea ingawa umebana sehemu laini ya pua dakika 15 huku umeinamia mbele. Kuinua kichwa juu kunakufanya uimeze tu.

Yafuatayo yanamhitaji bingwa, ila unaweza kujipanga: usaha wa sikio uliopita wiki 2, sauti iliyokauka zaidi ya wiki 3 (mvuta sigara asichelewe hata kidogo), na mtoto anayekoroma na kulala mdomo wazi, ambaye mtaani wataambiwa wazazi wake kuwa ana nyama za puani. Pua ya upande mmoja tu inayotoa makamasi yenye harufu kwa mtoto mdogo, mara nyingi kuna shanga au punje ya hindi humo ndani. Usiichokonoe.

Na kama kuna mzee anayeshauri mtoto akatwe kimeo ili kikohozi kiishe, mshukuru kwa adabu na uondoke na mtoto wako. Watoto hufikishwa hospitali wakiwa wanavuja damu au wana maambukizi kwa sababu ya wembe huo.

Hatua ya 2: Chagua hospitali

Wote wanataja Muhimbili. Mimi naanza na hospitali ya rufaa ya mkoa: kwa Dar es Salaam ni Amana, Temeke au Mwananyamala. Muhimbili ndiko wanakopandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017, na wewe una nta. Mikoani kuna KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Benjamin Mkapa Dodoma na hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya. Katika hospitali zinazofundisha, atakayekupokea anaweza kuwa daktari anayesomea ubingwa. Usinune. Mara nyingi ndiye mwenye muda wa kukusikiliza, na kesi ngumu anaipeleka kwa mwalimu wake.

Piga simu mapokezi kabla ya kupanda daladala. Uliza kliniki ya ENT, yaani ya masikio, pua na koo, iko siku gani, maana hospitali nyingi haziiendeshi kila siku, halafu uliza kama bingwa yupo wiki hiyo. Hili la pili watu hawaulizi, na bingwa naye huenda likizo kama mtu mwingine.

Hatua ya 3: Barua ya rufaa

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima, kwa hiyo nivumilie.

Mfumo wetu unapanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, rufaa ya mkoa, kanda, taifa. Anayetumia bima akiruka ngazi bila barua anaweza kurudishwa dirishani, au akaambiwa alipe taslimu. Anayelipa taslimu ana uhuru zaidi, lakini hata yeye namshauri aende na barua, kwa sababu inamweleza bingwa dawa zipi zimeshajaribiwa.

Barua yenyewe isome ukiwa bado chumbani kwa daktari, usingoje kuisomea kituoni. Angalia haya.

Jina. Liwe kama lilivyo kwenye kadi ya bima, herufi kwa herufi. "Mwanaidi" wa kwenye kadi akiwa "Mwanahidi" kwenye barua, karani ana sababu ya kukusimamisha. Kwa mtoto, hakikisha jina lililoandikwa ni lake na si lako. Na uhakikishe mapema kwamba mtoto huyo amesajiliwa kama mtegemezi, kwa sababu wazazi wengi hugundua dirishani kuwa wa mwisho kuzaliwa hakuwahi kuingizwa.

Kliniki. Barua iliyoandikwa "apelekwe hospitali ya mkoa" na kuishia hapo itakupeleka kwa daktari wa kawaida, naye ataandika upya kukupeleka kwa bingwa. Omba iandikwe wazi kuwa unapelekwa kliniki ya masikio, pua na koo.

Sababu. "Maumivu ya sikio" ni maneno machache mno. Sema, na uombe yaandikwe: sikio lipi, tangu lini, usaha una harufu au hauna, usikivu umepungua au la, dawa zilizotumika na kwa siku ngapi. Kama hukumbuki majina ya dawa, piga picha chupa zote kabla hujatoka nyumbani. Hii ina uzito kuliko unavyodhani. Baadhi ya matone, gentamisini mojawapo, yanaweza kudhuru usikivu yakiingia kwenye sikio ambalo ngoma yake imetoboka, na bingwa anahitaji kujua kama uliyatumia. (Wenzangu wa madukani, hili nalisema na kwenu. Mtu akija na usaha sikioni, acheni kumpa matone ya kwanza yaliyo mkononi.)

Muhuri, saini na tarehe. Nimeona barua nzuri kabisa ikirudishwa kwa kukosa muhuri, na mhudumu wa muhuri keshaenda chakula. Uliza pia barua inatumika kwa muda gani. Ukipewa leo na kliniki ni baada ya wiki kadhaa, usije ukafika imekwisha muda.

Mwisho, toa nakala mbili, na moja ibaki nyumbani. Kuwa na picha kwenye simu ni vizuri, lakini dirishani wanataka karatasi.

Ukikwama na kituo kikakataa kukuandikia barua, usigombane na aliye mapokezi. Omba kumwona mganga mfawidhi. Eleza kwa ufupi kwamba tiba imeshindikana na muda umepita. Zile wiki 2 za usaha nilizotaja juu ni hoja ya kutosha.

Hatua ya 4: Hakikisha ni bingwa kweli

Kwa kliniki binafsi tu. Usimtafute daktari kwa video za mtandaoni. Anayejua kuongea mbele ya kamera hajathibitisha lolote kuhusu sikio lako. Chukua jina lake kamili, litafute kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika, ambayo iko mtandaoni. Uliza pia kama kliniki ina kamera ya kuchungulia puani na kooni. Kama hana vifaa, utalipa ada ya kumwona halafu akutume kwingine.

Kambi za madaktari bingwa zinazotangazwa kwa spika mtaani ni nzuri, ila ulizia kwanza ni mabingwa wa nini. Wanaweza kuja wa watoto, wa akina mama na wa upasuaji, wa sikio asiwepo.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Wahi. Usitie mafuta wala matone asubuhi hiyo isipokuwa daktari amekuagiza, na usisafishe kwa pamba za vijiti, maana daktari anataka kuiona ngoma ya sikio ilivyo.

Usikivu ukiwa na shida utapelekwa odiometri: unavaa vifaa vya masikioni, unabonyeza kitufe kila ukisikia mlio. Mtoto mdogo hawezi hivyo. Yeye hupimwa kwa kipimo kingine, na aina mojawapo hufanywa akiwa amelala. Uliza siku ya kupanga miadi kama ndicho anachopimwa, na ukiambiwa ndiyo, usimwache asinzie kwenye gari. Mtoto aliyelala njia nzima atafika macho makavu, na kipimo kitaahirishwa.

Kifaa cha kusaidia kusikia usinunue kabla ya odiometri, hata kama muuzaji anakupunguzia bei. Kinarekebishwa kufuatana na grafu ya sikio lako, na kile cha kukuza kila sauti kinaweza kukuongezea madhara. Grafu hiyo omba nakala na uitunze pamoja na kadi ya kliniki. Ukirudi baada ya miezi 6, kitu cha kwanza daktari atakachotaka ni kulinganisha ya zamani na mpya, na mafaili ya hospitali hupotea.