Somo: Kupima kama mradi wa usafiri wa umma uko tayari kuingia usanifu wa kina

Msianze na michoro. Michoro ya usanifu wa awali inaweza kupendeza na mradi ukawa bado mbichi kabisa. Kinachoangusha miradi katika hatua hii mara nyingi hakimo kwenye karatasi za mhandisi: ni kiwanja cha mtu, nyaya za shirika la umeme, sahihi ambayo haijawekwa.

Nafuata utaratibu wa Marekani chini ya FTA, mamlaka ya shirikisho ya usafiri wa umma. Mradi mkubwa ulioomba fedha za shirikisho ulipewa kibali cha usanifu wa awali, halafu kibali kingine cha usanifu wa kina. Sheria ya MAP-21 ya mwaka 2012 iliziunganisha hatua hizo kuwa moja ya uhandisi, lakini maswali ya mkaguzi hayajazeeka.

Hatua ya 1: Je, nyaraka zinazungumzia mradi mmoja? Weka mezani maelezo ya mradi, makadirio ya gharama na ratiba. Usizisome moja moja. Chagua kituo kimoja ukifuatilie kote. Tuseme mchoro una lifti nne, makadirio yana mbili, na ratiba haina muda wa kuziagiza. Hapo tayari una miradi mitatu yenye jina moja.

Hatua ya 2: Mazingira. Uamuzi chini ya NEPA, sheria ya Marekani inayodai athari za mradi kwa mazingira zichunguzwe kwanza, uwe umetoka, na kila ahadi waliyopewa wananchi ionekane kwenye usanifu na kwenye bajeti.

Hatua ya 3: Ardhi, mabomba, nyaya na walio nje ya mradi. Hapa kaeni muda mrefu kuliko kwingine kote. Tazameni reli ya mjini Honolulu, jimbo la Hawaii. Ilipata kibali cha usanifu wa kina Desemba 2011, lakini mkataba wa kwanza wa kusanifu na kujenga ulishatolewa 2009, kabla uamuzi wa mazingira haujatoka. Agosti 2012 Mahakama ya Juu ya Hawaii ikaamua kwamba uchunguzi wa mambo ya kale, yakiwemo makaburi ya wenyeji, ulipaswa kukamilika njia nzima kabla ya kuanza kujenga. Kazi ikasimama takriban mwaka mzima, na madai ya ucheleweshaji yakafuata. Baadaye nyaya za umeme wa msongo mkubwa kando ya njia nazo zikaleta gharama kubwa, kwa sababu lazima ibaki nafasi ya kuzihudumia kwa usalama. Makadirio ya dola bilioni 5 na ushee yakakaribia bilioni 10, na kipande cha kwanza kikafunguliwa Juni 2023.

Kwa hiyo dai orodha: kila kiwanja, kila bomba, kila waya, mwenye nacho ni nani, makubaliano yamefika wapi, na nani atalipa.

Hatua ya 4: Gharama na hatari. FTA hupanga gharama katika mafungu kumi, kuanzia namba 10 hadi 100. Fungu la 60 ni ardhi; la 90 ni akiba ambayo haijagawiwa kazi yoyote. Usiridhike na asilimia iliyopachikwa mwishoni. Uliza akiba hiyo inalinda hatari ipi. Wakikosa jibu, hiyo si akiba, ni matumaini.

Hatua ya 5: Watu. Nani anaidhinisha mabadiliko, na ana uwezo wa kumkatalia mhandisi mshauri? Soma mpango wa usimamizi, kisha zungumza na wenyewe ana kwa ana.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mradi wetu ni wa kusanifu na kujenga kwa pamoja. Mkandarasi si ndiye anabeba hatari zote?*

Hapana. Atabeba zile anazoweza kuzidhibiti. Ukimkabidhi eneo ambalo hujalinunua, atasubiri huku akikutoza. Kwa mkataba wa namna hiyo hatua ya 3 ndiyo inayokuwa nzito zaidi.

*Shikamoo mwalimu. Kila nikiuliza mkataba na kampuni ya reli ya mizigo naambiwa "uko hatua za mwisho". Niandikeje kwenye ripoti?*

Marahaba. Andika "haujasainiwa" na tarehe uliyouliza. Kisha omba rasimu utafute vifungu vitatu: nani analipa, nani anakagua, na ni saa ngapi mtaruhusiwa kufanya kazi karibu na reli yao. Kama hata rasimu haipo, ripoti iseme hivyo, na ioneshe ni kazi zipi kwenye ratiba zinakwama kwa sababu hiyo.

*Mabehewa yananunuliwa kwa mkataba tofauti. Tuyaache mpaka baadaye?*

Msiyaache. Huko huko Honolulu iligundulika kwamba magurudumu ya treni ni membamba mno kwa sehemu ambazo reli hukatana, na njia ilikuwa imeshajengwa. Omba waraka unaoonesha vipimo vya gurudumu na vya reli kwenye ukurasa mmoja, ukiwa na sahihi za pande zote mbili. Usipokuwepo, mradi hauko tayari.