Paka Anakojoa Nje ya Beseni Lake? Anza na Mwili Wake

Paka aliyezoea beseni la mchanga akianza kukojoa kitandani, wenye nyumba wengi hukimbilia ufagio. Uweke chini kwanza. Paka hakojolei shuka lako ili akukomoe. Nimehudumia paka wa majumbani kwa miaka, na kesi hii naijia kwa mpangilio uleule: kwanza mwili, kisha beseni, tabia baadaye.

Hatua ya 1: Mtazame akiwa anakojoa

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, nayo ndiyo inayookoa maisha. Kaa mbali kidogo, usimsumbue. Paka mzima huchimba, huchuchumaa, hukojoa, hufukia, anaenda zake. Mgonjwa huchuchumaa akakaza mgongo, akatoka na tone moja au bila kitu, na dakika chache baadaye amerudi tena. Huenda akalia, au akajilamba sehemu za siri bila kuchoka. Mkojo wenye rangi ya waridi una damu.

Mara nyingi naambiwa, "Amefunga choo, nimempa mafuta." Kumbe ni mkojo ndio umeziba. Kwa dume hiyo ni dharura. Njia yake ya mkojo ni nyembamba, na chembechembe zikichanganyika na ute huifunga kama kizibo. Uchafu ambao figo zingeutoa hubaki kwenye damu, potasiamu hupanda, moyo huvurugika, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mpeleke kwa daktari wa wanyama saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Usimbonyeze tumbo, kwa sababu kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka. Na usimpe parasetamoli: hata kidonge kimoja kinaweza kumuua paka.

Kama anakojoa bila shida lakini mabonge ya mchanga ulioshikana kwa mkojo yamekuwa makubwa kuliko kawaida, na bakuli la maji linakauka upesi, mwombe daktari apime figo na kisukari. Paka mzee naye huenda viungo vinamuuma tu, na ukingo wa beseni umekuwa mlima kwake. Kata upande mmoja uwe chini.

Hatua ya 2: Tofautisha kukojoa na kuweka alama

Dimbwi sakafuni au kwenye godoro ni kukojoa. Michirizi midogo ukutani au kwenye pazia ni alama: paka husimama, akainua mkia unaotetemeka, akarusha mkojo nyuma. Wanaofanya hivyo zaidi ni madume ambao hawajahasiwa, na wengi wao huacha wakihasiwa. Majike nao huweza. Chunguza pia dirishani, maana paka wa nje anayepita kila jioni anatosha kumfanya wako atangaze mipaka.

Hatua ya 3: Rekebisha beseni

Mabeseni yawe sawa na idadi ya paka, ongeza moja. Paka wawili, mabeseni matatu, nayo yasipangwe pamoja, kwa sababu kwa paka matatu yaliyobanana ni beseni moja. Urefu wa beseni uwe mara moja na nusu ya paka kuanzia puani hadi mwanzo wa mkia. Mengi yanayouzwa ni madogo mno. Mchanga uwe laini, usio na manukato. Zoa kila siku. Yale yenye paa, kwa maoni yangu, yametengenezwa kumfurahisha mwenye nyumba, kwani harufu yote inabaki ndani na paka.

Mahali pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Niliwahi kusogeza beseni la paka wangu karibu na mashine ya kufulia ili sebule ipumue. Siku ya pili mashine ikaanza kuzungusha nguo naye akiwa amechuchumaa. Alitoka mbio, mchanga ukitapakaa, na hakulikanyaga tena beseni lile. Ilibidi nitafute jingine na kuliweka kwenye kona tulivu, mbali na chakula chake.

Hatua ya 4: Ondoa harufu

Kausha mkojo kwa kitambaa, kisha tumia dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya, yaani viini vinavyovunjavunja mkojo, uiache ifanye kazi kama maelezo yake yanavyosema. Sabuni hukudanganya wewe tu; pua ya paka bado inamwambia choo ni pale. Epuka amonia, maana inanukia kama mkojo wenyewe. Dawa ya klorini nayo ikikutana na mkojo hutoa hewa yenye madhara.

Hatua ya 5: Tuliza nyumba

Mtoto mchanga, mgeni anayelala, samani zilizohamishwa, paka mpya: yote hayo huweza kuwasha uvimbe wa kibofu usio na vijidudu. Mpe mahali pa kujificha na pa kupanda juu, mchezeshe kila siku, na umwongezee chakula chenye majimaji ili mkojo usikolee. Ukibadilisha chakula, changanya kidogokidogo kwa siku saba hadi kumi.

Ukimkuta anakojoa pasipofaa, usimsugue pua kwenye mkojo. Atajifunza kukuogopa, na kesho atakojoa nyuma ya kabati ambako huoni. Andika tarehe, mahali na kiasi kwa wiki mbili. Daktari akikuuliza "ilianza lini?", mfungulie daftari.